Jinsia na Uchukuzi Ndhiwa: Nani Abeba, Nani Aendesha?

Neno "jinsia" likitajwa darasani, wavulana huanza kutazamana na kucheka chini kwa chini, na wasichana wengine hujiinamia. Kila mtu hudhani kwamba sasa yataletwa mambo ya wanawake, au kwamba tunagombanishwa. Ndiyo maana nimeona heri nilizungumzie neno hili katika jarida letu la Chama cha Kiswahili mwaka huu, na nilizungumzie kupitia kitu ambacho sote tunakiona kila siku hata tumekizoea. Kitu chenyewe ni njia. Nani anatembea, nani anabebwa, nani anabeba na nani ameshika usukani.

Kwanza tulifahamu neno lenyewe. Mtu huzaliwa wa kike au wa kiume. Hilo ni umbile, nalo ni kazi ya Mungu. Lakini hakuna mtoto aliyezaliwa na mtungi kichwani, wala hakuna aliyezaliwa ameshika ufunguo wa pikipiki. Hayo ni mambo ya kufunzwa. Jamii ndiyo inayosema huyu ataenda mtoni na huyu atachunga ng'ombe, huyu atakaa nyuma na huyu atakaa mbele. Mgawanyo huo wa kazi, haki na matarajio ndio tunaouita jinsia, na kwa kuwa umewekwa na watu, hubadilika. Babu zetu wangeambiwa kwamba Homa Bay itaongozwa na mwanamke wangetikisa kichwa na kutema mate. Tazama sasa, mwaka 2022 Bi. Gladys Wanga alichaguliwa kuwa gavana wetu. Kabla yake alikuwako marehemu Mama Phoebe Asiyo, mbunge wa Karachuonyo, ambaye mwaka 1997 alipeleka bungeni hoja ya kutaka wanawake watengewe nafasi za uongozi. Hoja ikaangushwa. Hata hivyo Katiba ya 2010, katika kifungu cha 27, ikaja kusema kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili.

Haya, turudi njiani. Simama alfajiri kwenye kijia chochote kinachoshuka mtoni, iwe ni Kuja au Riana au kijito kisichoonekana hata kwenye ramani. Utawaona wanawake na wasichana wamefuatana kama siafu, mitungi ya manjano vichwani. Kisha uende kwenye steji ya Ndhiwa au ya Rodi Kopany saa mbili asubuhi. Pale mambo yamegeuka. Dereva ni mwanamume, makanga ni mwanamume, wa bodaboda ni wanaume, hata anayeita abiria na kuwavuta mikono ni mwanamume. Akina mama wapo, lakini ama ni abiria, ama wameketi chini wakiuza omena na mboga. Kwa maneno mengine, mzigo usio na gurudumu ni wa mwanamke, na ukipata gurudumu tu unageuka kuwa wa mwanamume. Maji ni mfano mzuri. Yakibebwa kwa kichwa ni kazi ya nyumbani, hayana malipo. Yakipakiwa kwenye baiskeli au mkokoteni, papo hapo yanakuwa biashara, na anayeyauza kwa mtungi ni kijana wa kiume. Ni maji yale yale ya mto ule ule!

Hebu tupige hesabu kidogo, maana wako wanaosema kazi ya kuteka maji ni kazi ndogo. Chukua mfano wa nyumba inayohitaji mitungi 5 kwa siku, na mto uko umbali wa kilomita 1. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, bila kuhesabu mtungi wenyewe. Mama atakwenda na kurudi mara tano, yaani kilomita 10, nusu yake akiwa na mzigo. Kwa siku amebeba kilo 100. Kwa mwaka ni tani 36 na nusu, ambazo zingejaza malori matano ya tani 7. Na miguu yake itakuwa imetembea kilomita 3,650, ambazo ni zaidi ya kwenda kutoka Nairobi hadi Mombasa mara saba. Hapo sijagusa kuni, wala mahindi ya kupeleka kwenye mashine ya kusaga, wala mtoto aliye mgongoni. Lori likifanya kazi hiyo lingepewa mafuta, dereva na turnboi. Mama anapewa kata ya nguo kuukuu aiweke kichwani.

Wala si Ndhiwa peke yake. Huko Makete, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, serikali ya nchi hiyo na Shirika la Kazi Duniani walifanya mradi wa uchukuzi wa vijijini katika miaka ya 1980. Walipowauliza wanavijiji safari zao huenda wapi, wakakuta jambo ambalo wataalamu wengi hawakulitarajia. Safari nyingi hazikuwa za kwenda mjini hata kidogo. Zilikuwa za humo humo kijijini, kwa miguu, kwenye vijia vya kwenda majini, kwenye kuni, shambani na kwenye mashine ya kusaga, na sehemu kubwa ya mizigo ilikuwa juu ya vichwa vya wanawake. Basi pamoja na barabara, mradi ukashughulikia vijia, madaraja madogo ya waendao kwa miguu, mashine za kusaga na punda.

Nalitaja jambo hili la Makete kwa sababu linaonyesha kosa linalofanywa mahali pengi. Wahandisi wanapotaka kujua barabara ipi itengenezwe, huhesabu magari yanayopita. Malori mangapi, matatu ngapi, pikipiki ngapi. Hesabu hiyo si mbaya, lakini kijia cha mtoni hakina gari hata moja, kwa hivyo kwenye karatasi huonekana kana kwamba hakipitwi na mtu. Mama mwenye tani zake 36 hayumo. Na asiyehesabiwa hatengewi pesa.

Sisemi lami ni mbaya, la hasha! Barabara ya kutoka Rodi Kopany kupitia Ndhiwa kuelekea Karungu imetufaa sana. Omena hufika sokoni upesi, na mgonjwa hufika Homa Bay bila kuchafuka matope hadi kichwani. Ninachosema ni kwamba lami inapoishia, ndipo safari ya mama inapoanzia.

Tazameni pia miwa. Kiwanda cha Sony cha Awendo, jirani zetu wa Migori, kimesaga miwa tangu 1979, na sasa Ndhiwa yenyewe ina kiwanda chake. Miwa ikikomaa, trekta huja hadi shambani, na hata njia hupanuliwa ili trelela ipite. Mara nyingi kandarasi ya miwa huwa katika jina la mwenye shamba, naye ni baba. Palizi ni ya mama na watoto. Mwisho wa mambo, zao linaloingiza pesa kwa jina la baba limepata trekta, na chakula cha nyumbani, kilicho chini ya mama, bado kinapanda kichwani. Mtu anaweza kusema hivyo ndivyo dunia ilivyo. Mimi nasema hivyo ndivyo tulivyoipanga.

Kulikuwa na msaidizi mmoja wa akina mama asiyedai nauli, naye ni punda. Nyumba yenye punda, mitungi minne huja kwa safari moja. Lakini kuanzia mwaka 2016 machinjio manne ya punda yalifunguliwa hapa Kenya, ngozi zikipelekwa Uchina kutengenezwa dawa. Punda wakaanza kuibwa usiku nchini kote. Hesabu ya taifa ya mwaka 2009 ilikuta punda kama milioni 1.8, na ile ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2 tu. Mwaka 2020 serikali ikapiga uchinjaji huo marufuku, mahakama ikaiondoa marufuku hiyo 2021, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukazuia biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15. Magazeti yaliandika habari hizo kama habari za mifugo. Ukweli ni kwamba zilikuwa habari za wanawake, kwa sababu punda akiibwa, mzigo wake hauibwi naye. Unarudi pale ulipokuwa.

Sasa tuje kwa bodaboda, au apiko kama tunavyoiita huku kwetu. Jina hili lilitoka Busia katika miaka ya 1960, ambapo vijana wa baiskeli walikuwa wakiwavusha watu kati ya Kenya na Uganda huku wakiita "boda, boda!" Baadaye, hasa baada ya serikali kupunguza ushuru wa pikipiki ndogo mnamo 2008, pikipiki zikajaa kila kijiji. Ni nani atakayekana manufaa yake? Uchungu wa kuzaa ukimshika mama saa nane usiku, na gari la hospitali haliwezi kuvuka matope, ni pikipiki itakayomfikisha. Serikali ilipotangaza mwaka 2013 kwamba kujifungua katika hospitali za umma ni bure, wengi tulishangilia. Mwaka 2014 Homa Bay na Migori zote mbili zilitajwa miongoni mwa kaunti 15 zenye mzigo mkubwa zaidi wa vifo vya akina mama wakati wa uzazi. Tukajifunza kwamba kitanda kuwa bure si sawa na njia kuwa bure. Wataalamu wa afya husema kuna ucheleweshaji wa aina tatu unaomwua mama: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Ule wa kwanza na wa pili ni mambo ya jinsia na uchukuzi tupu. Ikiwa nauli iko mfukoni mwa mume, na mume hayuko, au mama mkwe anasema tungoje kwanza, dakika zinapita.

Lakini pikipiki hiyo hiyo ina upande mwingine, na hili ndilo jambo lililonifanya nichukue kalamu. Wasichana wenzetu wa shule za kutwa hutembea kilomita nyingi asubuhi na jioni. Mvua inanyesha, saa inakimbia, na langoni mwanafunzi aliyechelewa anangojewa na adhabu. Hapo pikipiki inasimama. "Panda twende, si utalipa siku nyingine." Siku nyingine ikifika, msichana hana pesa, na mwenye pikipiki anataja malipo ya aina nyingine. Sote tunajua habari hizi, ila huzinong'ona tu. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta kwamba katika Homa Bay wasichana 33 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au ni wajawazito. Narok pekee ndiyo iliyotupita. Mwaka 2022 idadi yetu ilishuka hadi 23. Ni maendeleo, lakini 23 kati ya 100 bado ni karibu msichana mmoja kwa kila wanne. Na hapa Ndhiwa hatari haiishii kwenye mimba. Madaktari Wasio na Mipaka walipofanya uchunguzi hapa mwaka 2012, walikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana virusi vya UKIMWI, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Kazi kubwa imefanywa tangu wakati huo, na maambukizi mapya yamepungua sana, lakini si jambo la kuchezea.

Wako watakaosema, "Wasichana wenyewe wanapenda vya bure." Maneno haya nimeyasikia mara nyingi, na hunikera. Mbona hatuulizi kwa nini msichana yule amechelewa? Kaka yake ameamka, akanawa uso, akabeba vitabu. Yeye ameamka kabla ya jogoo, amekwenda mtoni mara mbili, amefagia, amewasha moto, kisha ndipo akaanza safari ile ile ya kaka yake. Wakifika langoni, anayeadhibiwa kwa kuchelewa ni nani? Tunamwadhibu kwa sababu ya mtungi wa maji. Kesho yake akiona pikipiki anaipanda, tena kwa kukimbia.

Sheria iko wazi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, iliyopelekwa bungeni na Bi. Njoki Ndung'u, inasema asiyefika miaka 18 ni mtoto, na mtoto hawezi kukubali. Anayemnajisi msichana wa miaka 16 au 17 anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 15, na akiwa wa miaka 12 hadi 15, kisichopungua miaka 20. Hata hivyo kesi nyingi huishia chini ya mti, wazee wakikubaliana mbuzi wangapi. Na tangu mwaka 1994 mwongozo wa serikali unamruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni. Anayemcheka akirudi anavunja mwongozo huo kwa mdomo wake.

Ni haki nami niseme kwamba si kila mwenye bodaboda ni fisi. Wengi ni kaka zetu, tena wengine walikuwa kwenye madawati haya haya. Na jinsia haiwaonei wasichana pekee. Mvulana huambiwa kwamba mwanamume ni pesa. Akiona rafiki yake anarudi na noti jioni, kitabu kinakuwa kizito mkononi kuliko mtungi. Anaacha shule kidato cha pili, anakodishiwa pikipiki, hana leseni wala helmeti, na akivaa helmeti ataambiwa ni mwoga. Wodi za majeruhi zina vijana wengi wa kiume waliovunjika miguu kwa sababu ya kuonyesha uanaume wao kwenye kona. Hakuna aliyewalazimisha kwa kiboko. Waliambiwa tu tangu wakiwa wadogo kwamba mwanamume haogopi.

Hali ya mjini nayo haina nafuu. Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani kwenye steji na wanaume waliodai ati amevaa vibaya. Kabla mwaka ule haujaisha, sheria ikawekwa kwamba anayemvua mtu nguo kwa nguvu hufungwa si chini ya miaka 10. Mwanamke anayeogopa steji hatakwenda sokoni jioni, wala hatachukua kazi ya mbali, hata barabara ikiwa nyororo kama kioo.

Je, hakuna dawa? Ipo, tena nyingine ni rahisi. Safari nzuri kuliko zote kwa mama ni ile ambayo halazimiki kwenda, kwa hivyo kisima karibu na nyumba ni mradi wa uchukuzi kama ilivyo lami. Baiskeli nayo ni dawa. Jimbo la Bihar nchini India lilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana wanaoingia sekondari pesa za kununua baiskeli, na watafiti wakaja kukuta kwamba idadi ya wasichana walioingia shule iliongezeka kwa karibu theluthi moja. Zambia nako wasichana waliopewa baiskeli walipunguza sana siku za kukosa shule. Wapandao baiskeli yao wenyewe hawadaiwi nauli na mtu. Hapa kwetu msichana akipanda baiskeli bado kuna wazee wanaoguna, na wavulana wanaopiga mbinja. Mbinja haimzuii mtu kufika.

Na wavulana wenzangu, mtungi mmoja asubuhi hautamgeuza mtu kuwa msichana. Ukibeba mmoja na dada yako akabeba mmoja, mnafika langoni pamoja.

Limebaki jambo moja la watu wazima. Katiba inataka wananchi washirikishwe kabla ya kaunti kuamua pesa za barabara zitakwenda wapi. Mara nyingi mkutano wenyewe huitwa kama baraza la chifu, saa nne asubuhi. Saa nne mama yuko shambani, na ikiwa ni siku ya soko yuko sokoni na omena yake. Wanaofika ni wanaume wenye nafasi, nao huomba wanachokijua: changarawe hadi steji, taa sokoni, kibanda cha bodaboda. Mama anayeujua mto unapojaa mwezi wa nne, na anayejua ni jiwe gani watoto huteleza wakivuka kwenda shule, hakuwapo. Ndiyo maana daraja la miguu halikuandikwa. Mwaka huu tungeanza kwa kumwomba chifu abadilishe saa.